Sikumwaga, Nilinyunyiza

Oili ilikuwa bado inachuruzika kutoka tumboni mwa injini, nyeusi na ya moto, Theonest alipopaza sauti kutoka upande wa mikanda.

"Zima! Zima zote! Wamefika!"

Marselino hakutoka chini ya mashine. Alikuwa amelala chali juu ya gunia, karai limekaa sawasawa chini ya tundu, na nati ameifumbata kwenye kiganja cha kushoto ili isiingie mchanga. Oili humwagwa injini ikiwa bado na joto. Ikipoa inakuwa nzito na uchafu unabaki ndani. Kwa hiyo alisubiri. Alisikia karasha la kwanza likinyamaza, kisha la pili, na kila mashine iliponyamaza sauti za watu zilizidi kuwa kubwa, maana watu wanaosaga mawe mchana kutwa hawajui kuzungumza ila kwa kupiga kelele. Tone la mwisho lilining'inia, likarefuka, likadondoka. Akarudisha nati, akaikaza kwa spana namba kumi na tisa, akachukua oili kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua. Hakuna chembe za chuma. Injini ilikuwa nzima.

"Mzee Marselino, umefia huko chini?" Theonest aliinama, uso wake mweupe kwa vumbi la mawe. "Toka. Serikali inakuja."

"Serikali gani?"

"Inaitwa Serafina. Imevaa buti."

Ilikuwa kweli. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, buti za mpira hadi magotini, alikuwa amesimama mbele ya banda pamoja na mtendaji wa kijiji. Nyuma yao alisimama Mzee Mwigulu, mfugaji, ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Yule mwanamke aliwaamkia wazee shikamoo, akawasalimu wengine, akasema ametoka ofisi ya bonde, wale wanaosimamia maji. Kisha akainua chupa ya plastiki juu ili wote waione.

"Maji haya nimeyachota lamboni asubuhi hii."

Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba, wa zambarau na wa kijani, ulioteleza kila alipotikisa chupa. Lambo lenyewe halikuwa mbali, mwendo wa kuvuta sigara moja kushuka kutoka kwenye karasha. Lilichimbwa zamani, kabla dhahabu haijaonekana, ili likinge maji ya mvua kwa ajili ya mifugo.

"Leo siku ya nne," alisema Mzee Mwigulu, Kiswahili chake kikiburuta kama kawaida ya wazee wa Kisukuma. "Ng'ombe wananusa, wanarudi nyuma. Wananusa, halafu wananitazama mimi, utafikiri mimi ndiye niliyewapikia. Naenda nao mpaka mtoni, tangu asubuhi mpaka jioni. Ndama wawili wamelala njiani."

"Lambo ni maji ya umma," alisema Serafina. "Sheria inakataza kumwaga oili chafu kwenye maji ya umma. Iwe ndoo, iwe kijiko. Sasa naomba mnisaidie. Hapa nani humwaga oili?"

Watu thelathini na kitu walimgeukia Marselino.

"Si huyo hapo," alisema Theonest. "Tangu tufike machimbo haya, hakuna mwingine anayemwaga oili."

Serafina alifungua daftari lake. Ndipo Generosa, mwenye karasha, ambaye wote walimwita Mama Davis, alipoanza kucheka, na wengine wakamfuata, mpaka akina mama wanaochekecha unga wa mawe wakashika mbavu.

"Dada yangu," alisema Generosa akijifuta macho kwa ncha ya kanga, "sisi tukisema kumwaga oili ni kubadilisha oili ya injini. Huyu ni fundi. Anaimwaga kwenye karai, karai kwenye pipa, pipa lina kifuniko. Maseremala wa Runzewe wanakuja kuichukua, wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Twende ukaone."

Serafina alikwenda, akaona. Alizunguka pipa mara mbili, akapiga magoti, akagusa ardhi na kunusa vidole. Ardhi ilikuwa kavu. Marselino hakuwahi kudondosha oili chini kwa miaka kumi na mmoja.

"Pipa ni safi, Mama Davis," alisema Serafina. "Lakini oili haikushuka na mvua, na mashine ziko kwako peke yako."

Akachukua hendeli tatu za kuwashia injini, akamkabidhi mtendaji. Bila hendeli hakuna mashine itakayowaka. Akasema zitakaa ofisini mpaka ijulikane oili ilitoka wapi, na kwamba kesho atarudi kuandika maelezo ya mmiliki, na maelezo hayo yatakwenda mahakamani kama hakuna mengine.

"Na sisi tutakula nini?" mama mmoja aliuliza.

"Tutakula sheria," alisema Theonest. "Mtendaji atatuchemshia."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Marselino alikuwa bado amebeba karai. Mtu alimwambia alitue, akalitua. Alitazamia kwamba hofu itamjia. Alingoja, kama mtu anavyongoja chafya, haikuja. Tangu Kwaresima mambo yalimfikia kutoka mbali, kama maneno ya watu wanaoongea nyumba ya pili. Aliyasikia, akajua ni maneno, hayakumhusu.

*

Loveness alikuwa na miaka minne. Alipata homa siku ya Jumapili, na Jumanne alfajiri Marselino alimbeba kifuani juu ya bodaboda kwenda Runzewe, Esta, binti yake na mama wa mtoto, akifuata kwa pikipiki nyingine. Kabla hawajafika kwenye lami mtoto alikuwa amekwisha kufa. Marselino alijua, kwa sababu uzito ulibadilika. Dereva aliendelea kuendesha, maana hakuna aliyemwambia asimame, na Marselino hakupata neno la kusema. Hospitalini waliandika malaria. Generosa alitoa gari lake kumrudisha mtoto nyumbani, akakaa nao matangani siku tatu, akichota maji na kuosha vyombo kama mtu wa ukoo.

Baada ya arobaini ndipo sentensi ile ilipomrudia. Marselino alisoma mpaka darasa la tano, na katika miaka yote ile hakikubaki kitu kikubwa kichwani mwake, ila kusoma pole pole, kujumlisha, na sentensi ambayo Mwalimu Euphrasia aliiandika ubaoni katika somo la afya, nao wakaiimba darasa zima: *Madimbwi yafukiwe. Yasiyofukika yanyunyiziwe mafuta.* Alilipenda neno hilo, yasiyofukika. Mwalimu alieleza kwamba mafuta hukaa juu ya maji, na mbu hukosa mahali pa kulea watoto wake.

Nyumba yao ilikuwa ya kwanza kutoka lamboni. Lambo halifukiki.

Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri alichukua kopo moja la oili na tita la nyasi, akazunguka ukingo wa lambo. Alichovya nyasi, akanyunyiza kulia, akanyunyiza kushoto, kama katekista anavyofanya kaburini kwa maji ya baraka. Kwenye kila pembe alisimama na kusali Baba Yetu moja, mpaka *utuopoe maovuni*. Masika yale maji yalikuwa mapana. Oili ilitandaa, ikawa nyembamba, ikapotea, naye akaridhika. Hakumwambia mtu. Kazi ya namna ile haikuwa na haja ya kutangazwa.

Kisha kiangazi kikaja. Lambo lilianza kunywea, wiki hadi wiki, mpaka likabaki na ukubwa wa chumba cha darasa. Maji yalipungua. Oili haikupungua. Hilo Mwalimu Euphrasia hakulisema, na Marselino, aliyeijua oili kuliko mtu yeyote katika machimbo yale, hakulifikiria.

Alishuka huko sasa, akasimama pembeni. Nyayo za ng'ombe zilifika hatua moja kutoka kwenye maji, zikageuka. Kwenye matope palikuwa na mstari mweusi kuzunguka lambo lote, kama ule unaobaki kwenye karai. Kambale mmoja alikuwa amelala chali, tumbo juu. Alijaribu kusali. Maneno yalitoka kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, makavu kama unga. Alisali hivyo hivyo, mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba, akapanda kwenda nyumbani.

Esta alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha kwa sababu ya mimba ya miezi saba, anachambua fifi, ile pamba yenye madoa ambayo chama cha msingi huikataa ikabaki kwa mkulima.

"Baba, mashine mbona kimya?"

"Zimefungwa. Kuna oili lamboni."

"Nani kaitia?"

"Wanamwandika Mama Davis kesho. Kesi itakuwa yake."

Esta aliacha kuchambua. "Mama Davis? Yule aliyetuletea mtoto wetu nyumbani?"

Marselino alichota maji mtungini, akanywa, akarudisha kata mahali pake.

"Wewe Jumamosi hupita kule," alisema Esta. "Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu mwingine."

Mkono wa Esta ulikuwa njiani kuelekea kwenye pamba. Ulibaki hapo hapo. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, naye akatazama mlango.

"Ugali upo," Esta alisema hatimaye. "Ule."

*

Kesho yake asubuhi alivaa shati la kanisani. Serafina alikuwa amekwisha kuweka karatasi zake juu ya pipa, Generosa ameketi mbele yake juu ya tairi, mikono mapajani. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kivulini mwa banda, hawana kazi ya kufanya. Marselino alivua kofia.

"Shikamoo, baba," alisema Serafina.

"Marahaba, mwanangu. Futa jina la huyu mama. Andika langu."

Generosa aliinua kichwa. "Mzee, kaa kando, usitafute ushujaa."

"Oili ya lambo ni mimi."

"Ulimwaga wewe?" Serafina aliuliza.

"Hapana. Nilinyunyiza."

Theonest alitoa sauti puani. Serafina alimtazama Marselino kuona kama anafanya mzaha, hakuona mzaha wowote.

"Eleza."

Akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza ubovu wa injini, tangu mwanzo, bila kuruka: darasa la tano, ubao, kopo moja, Jumamosi, pembe nne. Jina la mtoto alilitaja mara moja tu, mahali lilipohitajika. Alipomaliza, Generosa alikuwa amesimama.

"Yaani umenifungia mashine tatu kwa ajili ya mbu?" alisema. "Watu wote hawa wakae njaa, mimi nipelekwe mahakamani, kwa ajili ya mb..." Hakulimaliza neno. Alirudi kukaa juu ya tairi, akavuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso, akatazama upande mwingine.

Serafina aliandika kwa muda. Kisha akamsomea. "Mimi Marselino, fundi, nakiri kwamba kati ya mwezi wa nne na wa tisa nilimwaga oili chafu..."

"Nilinyunyiza."

"Baba, sheria inasema kumwaga."

"Kumwaga ndiyo kazi yangu. Uliliona pipa. Uliinusa ardhi. Mimi sijamwaga oili mahali isipotakiwa hata siku moja. Kumwaga ni kutupa kitu usichokitaka. Mimi sikutupa."

"Ng'ombe hawajui tofauti."

"Hawajui," Marselino alikubali. "Ndiyo maana nimekuja. Lakini andika nilichofanya."

Serafina alichezea kifuniko cha kalamu.

"Hata mimi mama yangu alifundishwa hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Mafuta kwenye madimbwi. Ni mafundisho ya zamani, baba. Yalibadilishwa."

"Nani alikuja kutuambia?"

Serafina alikata neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akamgeuzia karatasi. Marselino alisoma pole pole, akifuata kwa kidole, mpaka alipolifikia. Akatia sahihi.

Serafina alisema kesi itaamuliwa na wakubwa zake. Inaweza kuwa faini, inaweza kuwa kifungo, hawezi kuahidi. Kitu anachoweza kukitoa leo ni amri ya kusafisha. Hendeli zitarudi siku maji yatakapokuwa hayana utando na ng'ombe wa Mzee Mwigulu watakapokunywa. Ofisini walikuwa na vitambaa vya kazi hiyo, vinavyoshika oili na kuacha maji, ila vilikuwa vimekwisha, na vingine havijaagizwa.

"Utatumia nini?" aliuliza.

"Sijui bado," alisema Marselino.

Aliyejua alikuwa Esta. Marselino alimkuta ameshusha gunia zima la fifi mpaka ukingoni, amekaa juu yake akihema. Alinyofoa kifundo kimoja, akakitupa majini. Pamba ambayo bado ina mbegu haizami upesi, wala haikimbilii maji. Ilielea pale juu ya ule utando wa rangi, na polepole, kuanzia pembeni, ikaanza kuwa nyeusi.

"Huwa unafutia mikono," alisema Esta. "Nimekuona miaka yote. Oili inaingia, maji yanabaki."

Marselino alivua viatu.

"Baba." Esta hakumtazama. "Ungeniambia."

"Ulikuwa umelala tu siku zile. Hukuwa unasikia mtu."

"Ningesikia hilo."

Marselino aliingia majini na pamba mikononi.

Siku mbili za kwanza alikuwa peke yake. Alitandaza vifundo kwa mstari, akavisukuma mbele kwa ubao, taratibu, asivuruge matope, akavikusanya vikiwa vizito na vyeusi, akavikamua kwenye karai, karai kwenye pipa. Kisha akarudia. Matope yalimshika mpaka magotini, maji yalimfika kifuani. Siku ya tatu Theonest alikuja amekunja suruali.

"Nimekuja kwa sababu ya njaa," alisema, "sio kwa sababu yako."

"Shika upande ule."

"Na ukitaka kunyunyiza tena, mzee, uniambie mapema nihame." Aliteleza, akazama mzima, akaibuka akitema maji, na akina mama waliokuwa ukingoni wakacheka kicheko cha kwanza tangu mashine zifungwe. Jioni hiyo wawili kati yao walikuja na magunia ya fifi kutoka kwao. Generosa alituma sufuria la maharage kila mchana. Yeye mwenyewe hakushuka.

Siku ya tisa Serafina alirudi. Alichota chupa moja upande wa mashariki, moja upande wa magharibi, akaziinua juani, akazitazama kwa muda mrefu. Akampa Mzee Mwigulu ishara kwa kichwa.

Mzee Mwigulu alikuwa amekuja na ng'ombe mmoja tu, jike mzee mwenye pembe moja iliyokatika. "Huyu ndiye mkubwa wao," alisema. "Huyu akikataa, wengine msiwaulize." Akamwachia kamba.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni, Generosa miongoni mwao, mikono ameifungia nyuma. Marselino alikuwa bado ndani ya maji, maana hakuna aliyemwambia atoke. Ng'ombe alishuka kwenye matope, akasimama, akanyoosha shingo. Alinusa. Pumzi yake ilikunja uso wa maji. Alirudisha kichwa, akatazama watu, akapeperusha masikio. Mzee Mwigulu alimwambia kitu kwa Kisukuma, kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa. Ng'ombe akainama tena, midomo ikagusa, akaanza kuvuta, koo likipanda na kushuka.

"Wabeja," alisema Mzee Mwigulu, akishukuru, sijui kwa nani, kwa ng'ombe au kwa Mungu.

Mtendaji alitoa hendeli kwenye mfuko wa nailoni. Theonest alizipokea zote tatu na kukimbia nazo kupanda mlima, wengine wakimfuata wakipiga vigelegele, na haikuchukua muda injini ya kwanza ikakohoa huko juu, ikashika moto.

Ukingoni walibaki Mzee Mwigulu, ng'ombe, na Esta, aliyeshuka mpaka maji yakamfika vifundoni ili ampe baba yake mkono wa kutokea. Marselino aliushika. Hakutoka. Alikuwa akitazama mahali kati yake na mdomo wa ng'ombe, ambapo maji yalikuwa safi kiasi cha kuonyesha matope chini, na jua liliingia moja kwa moja. Viluwiluwi wa mbu, wembamba kama nyuzi, walikuwa wakipanda kuvuta hewa, wakijikunja, wakishuka, wakipanda tena.

Esta alifuata macho yake, akawaona. Mkono wake mmoja ulikuwa kiunoni, mwingine mkononi mwa baba yake, na wala hakuuondoa. Ng'ombe aliendelea kunywa.